Usingizi wa Mjomba Kioko

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko mamia ya siku zilizonipita bila kuacha alama. Ilikuwa miaka ya thelathini, katikati ya kiangazi, nami nilikuwa narudi nyumbani kusini mwa Kitui kwa likizo ndefu kutoka chuoni nilikosoma kule Uganda. Nilishuka garimoshi Kibwezi, nikavuka mto Athi kwa miguu, nikalala njiani, na nilipofika kwetu nilimkuta mama ameketi mlangoni. Hakuinuka kunipokea.

"Umefika," alisema. "Vizuri. Wazee wamemwita mjomba wako. Wanataka ale kithitu."

Ninyi mnaosoma kwa taa ya stima hamwezi kujua uzito wa neno hilo. Kithitu kilikuwa kiapo cha Wakamba, na mtu aliyeapa uongo mbele yake alikufa, yeye na watu wa damu yake. Ndivyo ilivyoaminiwa. Mimi siku hizo sikuamini kitu ambacho hakikupita mbele ya macho yangu. Nilibishana na mhubiri kanisani, nikabishana na mganga, nikabishana na walimu wangu mpaka wakachoka. Lakini nilipoona uso wa mama sikubishana. Nilitua mzigo na kuuliza mjomba amefanya nini.

"Halali usiku," alisema mama.

Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Mjomba Kioko alikuwa mrina asali. Siku moja katika ujana wake alitia mkono kwenye mzinga, kumbe swila ametangulia kuingia. Nyoka huyo hutema sumu, naye hakosi shabaha. Macho yote mawili yalioza, yakanywea, kope zikajifunga juu ya mashimo matupu. Mke wake alivumilia miaka michache, kisha akarudi kwao Migwani. Mjomba akabaki na mama yake, yaani nyanya yangu, ambaye sisi sote tulimwita Susu. Mjomba alisokota kamba za katani, akaziuza, akaishi. Watu walimhurumia mpaka walipogundua jambo la ajabu: kuna siku alilala na kuamka kama mtu yeyote, na kuna siku alikesha usiku kucha na kulala mchana kama maiti. Kioko kwa Kikamba ni mtoto aliyezaliwa asubuhi, basi vijana wakamtania, "Asubuhi gani hii inayokuja jioni?" Mwanzoni ulikuwa utani tu. Kisha jirani mmoja, mwanamke aitwaye Syombua, mtoto wake akashikwa na homa isiyokwisha, naye Syombua akakumbuka kwamba usiku mmoja alimwona Kioko akipapasa ua wake. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kama halipo laja. Tangu hapo hawakumtania tena. Walinyamaza alipopita, na hilo ni baya kuliko utani.

Nilivuka korongo kwenda kwake jua likiwa limeanza kuinama. Alikuwa ndio kwanza anaamka.

"Nani?"

"Ni mimi, mjomba. Mpwa wako."

"Yule wa vitabu. Kaa. Huko nje ni wakati gani?"

"Jua linashuka."

"Kwangu kumekucha," akasema, akacheka kidogo bila furaha.

Nilimwambia aape tu ili mambo yaishe. Nilimwambia yeye si mchawi, na kwamba mimi tangu nizaliwe sijaonyeshwa mchawi hata mmoja. Alikuwa na uzi wa katani kwenye paja lake. Aliusokota, akausokotua.

"Na kama ni kweli?" akauliza.

"Kweli nini?"

"Usiku, watu wote wakiwa wamelala, mwili wangu unaamka kama umeitwa. Najaribu kulala, usingizi haupo. Natembea nikifuata nyua za watu kwa mkono nisipotee. Mchana nao wananiamsha kwa fimbo, siamki. Nani ananiita, mpwa wangu? Anayeapa lazima ajue kilicho ndani yake. Mimi sijui. Nikiapa kwamba hamna kitu, na kumbe kipo, nitamuua mama, na mama yako, na wewe."

"Kwa hiyo hutaapa?"

"Sitaapa."

Asiyeapa alihesabiwa kuwa amekiri. Angefukuzwa, na kipofu aliyefukuzwa wakati wa kiangazi huko kwetu hafiki mbali. Fisi wanajua hivyo kuliko sisi. Mimi niliyekuwa na jibu la kila mtu sikuwa na jibu la huyu. Alikuwa ameshajihukumu mwenyewe.

Mwanangu, kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza kwa kumshinda mwenzako, na kuna kuuliza kwa sababu kweli hujui. Nadhani siku hiyo ndipo nilipouliza swali langu la kwanza la aina ya pili. Nikamwambia, "Nieleze usingizi wako unavyokuja. Usinieleze maana yake. Nieleze tu unavyokuja."

Alifikiri. Akasema kuna wakati usingizi unamjia mbuzi wanapofungiwa. Baada ya siku kadhaa unamjia moto ukiwa umezimika. Halafu jogoo wa kwanza. Halafu jogoo wa pili. Halafu wanawake wanapokwenda kuteka maji mchangani kwenye mto uliokauka, halafu wanaporudi, halafu adhuhuri, halafu jioni, mpaka siku moja ni mbuzi tena wanafungiwa, naye yuko sawa na watu.

"Haurudi nyuma hata siku moja?"

"Haurudi. Unachelewa tu. Kila siku unachelewa kidogo."

Niliposikia hivyo nywele zilinisimama. Kitu gani kingine duniani huchelewa kidogo kila siku, kikazunguka usiku na mchana, kikarudi kilipoanzia? Nilitoka nje nikautazama mwezi mwembamba unaotua nyuma ya vilima. Nikaogopa, nakwambia kweli. Kwa muda mfupi nilifikiri labda mwezi ndio unaomwita, na Syombua ana haki.

Usiku huo ndipo nilipokumbuka mmea wa maharagwe. Mwalimu wetu wa mimea chuoni aliwahi kuufungia kabatini, penye giza tupu. Majani ya maharagwe hulala jioni yakining'inia na kuinuka asubuhi, nasi tulitegemea yakae hivyo hivyo gizani, kwa kuwa hayaoni jua. Tulipofungua kabati asubuhi yalikuwa yameinuka. Siku ya pili, vilevile. Mwalimu alisema mmea una kipimo chake cha siku ndani yake. Tukaandika, tukaenda kula. Mimi niliyehoji kila kitu sikuhoji hilo, kwa sababu lilihusu maharagwe.

Sasa nilijiuliza: je, na mtu?

Nilichimbua mche wa mbaazi nyuma ya jiko la mama, nikauweka katika chungu, nikaufunika kwa chungu kingine kikubwa, nikauingiza ghalani. Nilichungulia alfajiri na jioni. Gizani mle, pasipo jua wala mtu wa kuiambia, mbaazi ililala na kuamka. Nilichuchumaa mbele ya chungu nikakishika kwa mikono miwili kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifua. Nilikuwa nimekula mbaazi maisha yangu yote.

Nilikumbuka pia mkuu wa stesheni pale Kibwezi. Kila asubuhi alipokea habari ya saa kwa waya kutoka mbali, kisha akausogeza mshale wa saa yake ya ukutani, kwa kuwa saa ile ilichelewa kidogo kila siku. Bila waya ingeendelea kutembea vizuri tu, ila siku nyingi zikipita ingesema usiku wakati watu wako mchana. Niliona kama jua ndilo waya wetu. Kila mmoja wetu ana saa ndani, haiko sawa kabisa na siku ya Mungu, na kila asubuhi mwanga unaingia machoni na kuusogeza mshale. Mjomba wangu waya wake ulikatika siku ile ya swila.

Hiyo ilikuwa dhana. Dhana haimwokoi mtu mbele ya wazee.

Nzama, baraza la wazee, ilikaa asubuhi kwenye thome, uwanja ulio nje ya boma, kila mzee juu ya kiti chake cha miguu mitatu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Nthenge, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Mjomba alishikwa mkono akaletwa, akaketishwa, na kabla mashtaka hayajaisha kusemwa, akalala. Kichwa kilimwangukia kifuani mbele ya watu wote.

"Mnaona?" akasema Syombua. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi. "Usiku anafanya kazi. Mchana anapumzika."

"Mwamsheni," alisema mzee mmoja.

"Aliyelala usimwamshe," akajibu Mzee Nthenge, "ukimwamsha utalala wewe." Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kilichowaleta.

Niliomba kusema. Nikaweka chungu changu katikati na kumwomba Mzee Nthenge akifunue kwa mkono wake. Mbaazi ilikuwa imefungua majani, imeinuka kama watu waliosimama kuomba. Nikaeleza mahali ilipokaa na kwa muda gani.

"Kwa hiyo na mbaazi ni mchawi," alisema yule mzee aliyetaka mjomba aamshwe. "Na sisi tumekuwa tukiila."

Safari hii walicheka sana, na mimi nikaona jasho likinitoka. Kisha mzee huyo akaacha kucheka akauliza swali la maana. "Kijana, unasema mjomba wako anapotea usiku kwa sababu haoni. Nyanya yako naye haoni miaka sasa. Mbona yeye analala tukilala na anaamka kabla yetu?"

Sikuwa nimefikiri juu ya Susu. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, akitembea kwa kushika ukuta. Ningeweza kubuni maneno, maana maneno nilikuwa nayo mengi, lakini nilisema, "Sijui. Acheni nimwangalie."

Susu aliletwa akaketishwa akitazama jua. Nilitembea kimya, miguu mitupu, nikasimama kati yake na jua.

"Nani huyo amesimama hapo?" akasema Susu. "Ondoka, unaniwekea giza."

Nikaondoka, nikarudi. "Tena huyo," akasema. "Nyie watu hamna pahali pengine pa kusimama?"

Kisha Mzee Nthenge mwenyewe akaamuru mjomba aamshwe, akageuzwa uso juani. Nilisimama mbele yake, nikaondoka, nikasimama tena. Mjomba alipiga miayo. "Mnafanya nini?" akauliza. "Mbona mmenyamaza?"

Hakuwa amehisi kivuli hata kidogo. Mwanangu, mimi nilidhani macho ni ya kuonea tu. Kumbe jicho la Susu, lisiloweza tena kumtambua mwanawe, lilikuwa bado linafanya kazi nyingine ya siri: kila asubuhi lilifungua mlango kidogo, mwanga ukaingia na kumwambia mwili wake, ni sasa. Kazi hiyo hakuna aliyewahi kuiona wala kuipa jina kijijini kwetu.

"Maneno yako ni matamu," alisema Mzee Nthenge, "lakini kivuli si ushahidi wa usiku. Una nini kingine?"

"Mwezi ule mwembamba ukijaa," nikasema, "mjomba wangu atalala jioni pamoja na watu, na ataamka alfajiri pamoja na watu. Hakuna atakayempa dawa. Halafu ataanza kuchelewa tena."

"Na asipolala?"

"Nitakula kithitu mimi kwa niaba yake."

Nilimsikia mama akivuta pumzi nyuma yangu. Sikuamini kithitu, nilishakwambia. Lakini nilipotamka maneno yale mate yalinikauka mdomoni, na hadi leo siwezi kukueleza vizuri kwa nini.

Wazee walikubali kungoja. Syombua aliondoka akisema, "Nyinyi mngoje mwezi. Mimi mtoto wangu anangoja nini?"

Nilihamia nyumbani kwa Susu. Usingizi wa mjomba ulimjia wanawake wakirudi kutoka mchangani, kisha ukamjia adhuhuri, kisha alasiri. Siku moja ulikuja wakati uleule wa jana yake, haukusogea, nami nikazunguka boma nikijiuliza kama nimejenga nyumba juu ya maji. Kesho yake ulisogea mara mbili. Mjomba alikuwa akiniuliza kila alipoamka, "Ni wapi?" kama abiria anayeuliza garimoshi limefika stesheni gani. Nilimwambia, naye akaitikia kwa kichwa. Taratibu niliona mabega yake yakishuka. Kilichokuwa kinamwita usiku kilianza kuwa na njia, na kitu chenye njia hakitishi sana.

Mwezi ulijaa. Wazee walikuja jioni wakakaa nje ya nyumba yake. Mbuzi wakafungiwa. Mjomba alikula, akaeleza habari ya mzinga mmoja wa zamani, akakatisha katikati ya maneno, akasema, "Samahani, wazee, macho yangu ni mazito," akaingia ndani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiyataja macho yake kama vitu alivyonavyo. Punde tukasikia mkoromo. Mzee Nthenge aliweka sikio ukutani akasikiliza muda mrefu, kisha akatikisika kwa kicheko asichotaka kitoke.

Alfajiri, ndege walipoanza, mlango ulifunguka. Mjomba alisimama hapo akinusa hewa ya baridi.

"Leo nimewakuta," akasema.

Mzee mmoja alivua kofia yake. Mimi nilitazama mashimo yale mawili yaliyofungwa, nikawaza kwamba ndani ya mtu huyu, gizani kuliko ndani ya chungu changu, kitu kimehesabu kila siku tangu nyoka alipomtemea, bila kufundishwa, bila kuchoka, bila kujua kama kinakosea. Na kwamba kitu hichohicho kiko ndani yangu, nacho hakikuwahi kuniomba ruhusa.

Lakini ujana ni ujana. Nilipopata sauti nilisema, "Haya, wazee. Mchawi yuko wapi sasa?"

Mzee Nthenge alinigeukia. Hakupandisha sauti.

"Kijana, umefanya kazi kubwa. Mjomba wako haapi, imeisha. Sasa nikuulize mimi. Umesema ataanza kuchelewa tena. Wewe utarudi kwenye vitabu vyako. Nani atakaa naye usiku?"

Nilimgeukia mjomba, aliyekuwa bado amesimama mlangoni.

"Umetuonyesha jua halimfikii. Watu je, nao hawamfikii? Ulipohesabu usingizi wake, ulimletea uji alipoamka?"

Sikuwa nimemletea. Nilikuwa nimemwuliza maswali.

Hapohapo nzama ikaamua. Siku ambazo mjomba yuko macho usiku, atalinda boma la mbuzi dhidi ya fisi akisokota kamba zake, na wazee watapokezana kumtembelea. Na kila alfajiri, awe amelala au yuko macho, mtu atamwita kwa jina na kumpa uji, ili angalau mwili wake usikie pahali asubuhi ilipo. Wakauliza nani yuko karibu. Kisha Syombua, aliyekuwa amesimama nje ya ua muda wote ule, akasema, "Nyumba yangu ndiyo ya karibu." Mtoto wake alikuwa ameanza kupona, kwa nini, hakuna aliyejua, na mimi sikujifanya najua.

Uji ule haukumponya mjomba. Alizunguka na mwezi wake hadi alipokufa, ingawa Susu alisema alikuwa akikaa na watu siku nyingi zaidi kabla ya kuteleza tena. Lakini niliporudi likizo iliyofuata nilimsikia Syombua alfajiri akimpigia kelele mlangoni, "Kioko, amka, mvivu wewe, uji unapoa." Na mjomba ndani akijibu, "Mama, kwangu ni usiku wa manane." Na Syombua, "Basi kunywa usiku wa manane, bakuli langu nalitaka." Utani ulikuwa umerudi. Nilisimama njiani nikausikiliza kama wimbo.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu. Umebeba ndani yako saa ambayo hukuinunua wala huwezi kuitazama. Iheshimu. Asubuhi toka nje, acha mwanga ukuguse uso kabla ya maneno ya watu. Usiku zima taa na redio, uache mwili ujue kumekuchwa. Mtu akiwa hawezi kuamka ukiamka, usimwite mvivu kabla hujauliza usingizi wake unakujaje. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Hoji kila kitu, sitakukataza, mimi ni nani nikukataze. Lakini ukishapata jibu, usilibebe na kuondoka. Uliza nani anakaa na mtu huyo usiku, na kama hayupo, chukua bakuli uende wewe.

Mungu akujalie usingizi unaokuja kwa wakati wake, na asubuhi inayokukuta uko tayari. Na siku ambayo jua litashindwa kukufikia, maana kila mtu ana siku hiyo, awepo mtu mlangoni anayelijua jina lako, akikuita kwa sauti kubwa kuliko unavyopenda, uji mkononi.